Mlango wa Papa Justin

Tulimzika Mama Nsimire Jumamosi, na Jumapili iliyofuata binti yake alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake Bugolobi, hapa Kampala, mimi na Wasswa tu. Nilijua nitalia, na kwa hilo nilikuwa nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa kwa swali la kikazi. Nsimire alikuwa jikoni anapakua wali, amenipa mgongo, akasema, "Dada Akello, yale maneno ya Mama kwenye tovuti, niyafute? Namba iliyoandikwa pale ni yake, na yeye hayuko tena." Kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni kuzunguka kwenye ofisi za watu nikiwauliza maswali yanayowaudhi: nani ana ufunguo, nani aliondoka nao, mara ya mwisho mmesasisha mfumo lini. Kijana yeyote wa kazini kwangu angeniuliza swali lile ningemjibu kabla hajamaliza: futa. Mlango uliofungwa haumwambii kitu aliyeko nje. Lakini maneno yale yalipoandikwa nilikuwepo, niliyapinga kwa nguvu zangu zote nikashindwa, na sijawahi kufurahia kushindwa kama nilivyofurahia siku zile. Nikamwambia Nsimire aniache nile kwanza.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ambayo hakuna aliyeonyesha kuihitaji, nikapata nafasi kwenye chumba cha Wasswa, juu ya duka la kuchapisha, Wandegeya. Chumba kilikuwa na meza mbili, dirisha lisilofunga vizuri, na feni iliyogoma kugeuza shingo, ikawa inampuliza Wasswa peke yake. Chini yetu mashine zilichapa tasnifu za wanafunzi kuanzia asubuhi, na harufu ya gundi ya kujalidi ilipanda mpaka ikaingia kwenye chai yetu. Sakafu ilikuwa nyembamba, kwa hiyo tulisikia kila ugomvi. Mwanafunzi alikuwa akilia kwamba jina la mwalimu wake limechapwa vibaya na sasa atanyimwa saini, na fundi alikuwa akimjibu kwa upole mkubwa kwamba jina hilo limekuja hivyo hivyo kutoka kwake. Mchana tulikula roleksi, mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, kutoka kwa kijana aliyekaanga barabarani mkabala na mlango wetu. Wasswa alikuwa Muganda mnene, mchangamfu, mwepesi wa kujenga tovuti na mzito wa kuitazama tena akishaikabidhi. Zote alizijenga kwa mfumo mmoja, ule ambao mwenye tovuti anaweza kuandika habari zake na kuweka picha bila kujua programu. Akishamaliza humpa mteja ufunguo, humtakia heri, na kusahau. Nilipomuuliza nani anazilinda, alicheka. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa wateja wa Kikongo, na ulimi wake wa Kiganda ulizipanga zile l na r upendavyo. "Mimi najenga," alisema. "Kulinda ni kazi ya askali. Wewe ni mutoto ya polisi, linda."

Baba yangu alikuwa polisi kweli, nikalinda. Nilianza kupitia tovuti zake za zamani moja moja, nikikuta mifumo ambayo haijasasishwa tangu siku ya kuzaliwa, na plagini, yaani vile vipande vya programu vinavyobandikwa ili tovuti ifanye hiki au kile, zilizobandikwa kwa sherehe ya siku moja na kuachwa. Nilikuwa na hasira ya mtu mwenye shahada mpya. Kila mlango niliouona wazi niliuchukulia kama tusi langu binafsi, na Wasswa alinitania kwamba nikiolewa nitamwekea mume wangu neno la siri.

Mama Nsimire alipanda ngazi zetu asubuhi moja ameishika simu mbali na mwili wake. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, amejifunga kitenge juu ya kitenge, na Wasswa aliposimama kumsalimia nilielewa kuwa ni mtu anayeheshimiwa. Alikuwa mjane wa Papa Justin, papa ikiwa ni baba kwa Wakongo. Mimi Papa Justin sikuwahi kumwona, alikufa kabla sijafika Wandegeya, lakini jina lake nililijua kwa sababu tovuti yake ilikuwa kwenye orodha yangu na sikuwa nimeifikia. Aliianzisha kwa ajili ya chama cha Wakongo waliotoka upande wa Bukavu, ili watu waliopoteana njiani wakati wa kukimbia vita watafutane. Mtu aliandika jina la anayemtafuta, mahali walipoachana, na kitu kimoja cha kumtambulisha. Tangazo la kwanza kabisa lilikuwa la Papa Justin mwenyewe, akimtafuta binti yake Nsimire. Msichana alikuwa ametumwa kwa shangazi yake mapigano yalipofika, wazazi wakakimbilia huku, yeye akapelekwa upande wa ziwa na watu wengine, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia. Papa Justin alikufa akingoja. Mkewe aliendelea kungoja.

"Mwanangu," aliniambia, "ukurasa ya bwana yangu imekuwa nyekundu. Inasema batu bakimbie. Hatari gani? Pale kuko majina ya batoto tu." Nilipoifungua nilikuta ule ukurasa mwekundu ambao vivinjari huweka mbele ya tovuti iliyoingiliwa, ukimwonya msomaji arudi alikotoka. Nyuma yake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Aliyekuja kwa kutafuta jina la ndugu yake alisukumwa kwenye kamari na dawa za nguvu za kiume. Nilimweleza kwa maneno rahisi kwamba kuna watu wameingia ndani na kuligeuza jengo lake kuwa duka lao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu. "Na Nsimire akifungua leo?" Nikamwambia naye ataona nyekundu. Akakaa kwenye kiti cha Wasswa, mbele ya feni, akafunga macho. Toka hapo sikuwa tena na tusi langu binafsi, nilikuwa na mtoto wa mtu anayeweza kufika mlangoni wakati wowote akafukuzwa.

Kusafisha tovuti iliyoingiliwa ni kazi ya kuchosha na haina utukufu wowote. Unaushusha mfumo mpya, safi, kutoka kwa wenyewe, unalinganisha kila faili na lile lililopo, na lisilo na mwenzake unalishuku. Tulikuta faili za programu zimejificha ndani ya folda ya picha, katikati ya nyuso za watoto waliopotea, na hilo lilinikasirisha kuliko yote. Tuliondoa plagini ya kuonyesha picha za kwaya ambayo hakuna aliyekumbuka kuiomba. Tukakuta wasimamizi wawili wenye majina ya ajabu ambao hakuna mwanachama aliyewajua. Umeme ulikatika na kurudi, Wasswa akaenda kununua chai na kurudi, na mashine za chini zikaendelea kujalidi elimu ya watu. Mama Nsimire alishika desturi ya kutuletea chakula kila Ijumaa mchana, kwa maelezo kwamba mtu hawezi kupigana na wezi akiwa amekula chapati. Alileta ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, yenye pilipili ya kukutoa machozi. Na kila mara kulikuwa na kibakuli kidogo cha pembeni, chenye mfuniko, alichopakua kabla ya kutia pilipili. Wasswa, ambaye pilipili na yeye ni maadui, aliuliza kama kile cha pembeni kina mwenyewe. Mama alifikiri kidogo, akamsogezea. "Mwenyewe bado," alisema. "Kula."

Siku moja tukaona waliingilia wapi. Kumbukumbu za tovuti zilionyesha kwamba kabla tu ya uharibifu kuanza, msimamizi mmoja aliingia kwa utulivu kabisa, kwa jina na neno sahihi la siri, bila kuvunja chochote. Alikuwa Papa Justin. Wasswa, aliyekuwa amebeba jeneza lake, aliisogelea skrini. "Huyu jamaa tulimuzika," alisema, "ameingia namuna gani?" Tukaanza kuulizauliza, na jibu lilitoka kirahisi kwa sababu hakuna aliyelificha. Akaunti ya marehemu iliachwa kwa heshima. Kuifuta kulionekana sawa na kumtoa mtu kwenye kikao akiwa bado anaongea. Zaidi ya hapo ilikuwa na manufaa: mwanachama yeyote akisahau neno lake la siri alitumia la Papa Justin, maana lake hakuna aliyelisahau. Lilikuwa jina la binti yake. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo la kwanza la tovuti, na kila mtu aliyemsalimia mjane wake mtaani, kwa desturi ya kumwita mama kwa jina la mtoto, alikuwa analitamka.

Nilienda kwenye kikao cha chama Jumapili baada ya ibada, kwenye darasa walilokodi, nikiwa na maelezo niliyoyaandaa vizuri sana. Nilisema wasimamizi ni wengi mno. Mfumo wenyewe unatoa ngazi: msimamizi anayeweza kila kitu, mhariri, mwandishi, na chini kabisa mchangiaji, ambaye huandika na kusubiri kukubaliwa. Nilipendekeza msimamizi abaki mmoja, na wazee wengine wawe wachangiaji. Mwenyekiti, Papa Anselme, mzee mrefu wa suti ya kahawia, alisimama polepole. "Miye nilikuwa direkta wa shule," alisema. "Nilisaini diplome za batu. Leo huyu binti anasema niko mchangiaji." Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya kutosha kama mchangiaji ni yule anayepitisha sahani ya sadaka. Ndipo nikaelewa kwa nini Wasswa aliwapa wote funguo zote. Watu hawa walikuwa wamepoteza nyumba, kazi na majina ya vyeo vyao njiani, na pale kwenye tovuti walikuwa wamejirudishia kidogo. Mtu aliyepewa ngazi ya chini mbele ya nduguze angeacha kuja kikaoni. Nilitoka hapo nimeshindwa kabisa, na njiani Wasswa alinisemesha kana kwamba anamfariji mgonjwa. "Wewe unataka kuwapunguza. Mimi nitawaongeza," alisema. Kesho yake alitengeneza ngazi mpya kwenye mfumo, akaiita Msimamizi wa Heshima, yenye uwezo wa kuandika tangazo na kusubiri, basi. Wazee wote walipandishwa. Papa Anselme alituma ujumbe wa kutushukuru kwa kuzingatia.

Ikabaki akaunti ya marehemu, na hilo halikuwa jambo la kikao. Nilimfuata Mama Nsimire huko Nakivubo, kwenye ujia mwembamba wa maduka ambako aliuza vitenge, kelele za makondakta zikituingilia kutoka nje. Alinipa kigoda, akaendelea kukunja vitambaa huku nikimweleza. Mfumo huu, nilimwambia, ukitaka kumfuta mtumiaji, unakuuliza: nifute na yote aliyoyaandika, au nimpe mtu mwingine? Akaacha kukunja.

"Ukiipa mutu ingine," akasema, "juu ya tangazo itaandikwa jina ya nani?"

"La huyo mwingine, Mama. Labda Papa Anselme."

"Nsimire hajue Anselme. Mutoto wangu anatafuta baba yake, hajue kama baba yake alikufa. Akikuta jina ya mutu ingine atasema ni mutego. Kuko batu banaita batoto namna ile, banajifanya ni ndugu."

Nilimwahidi jina halitaguswa. Tutamwacha Papa Justin juu ya tangazo lake, tutamwondolea tu madaraka, na tutabadilisha neno la siri liwe refu, lisilo na maana, lisilojulikana hata kwake mama. Nilidhani nimemaliza. Yeye akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu usoni mwake. Alinisimulia jinsi huko Bukavu mume wake alivyokuwa na barua pepe kwenye kafe ya intaneti, na kwa kuwa macho yake yalikuwa mabaya, aliyekaa kwenye kompyuta kumfungulia alikuwa Nsimire. Neno la siri lilikuwa jina la mtoto mwenyewe, alilichagua yeye, akacheka sana. "Bwana yangu alisema, akifika pale ataandika jina yake, itafunguka, atajua ni kwetu. Sasa mukibadilisha, atajua namna gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba wezi nao waliandika jina hilo hilo na likafunguka, na tukiliacha watarudi, na ukurasa utakuwa mwekundu tena. Mteja alikuja, akachagua, akaondoka. Mama alikaa. Nilitamani sana kumwambia basi, tuliache, na nilijua nikisema hivyo ninamuuza. Mwishowe alisema, "Basi funga." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni adabu za nyumbani, "Lakini mutu akikuja kwa nyumba na mwenyewe haiko, hamumufungie tu. Banamwambia kitu. Banamupa hata kiti. Huyu naye akikataliwa, mumwambie kitu."

Nilipinga. Nilipinga pale Nakivubo, nikapinga tena Wandegeya mbele ya Wasswa. Nilikuwa nimesoma, na ni kweli mpaka leo, kwamba aliyekosea neno la siri hupewa maneno machache iwezekanavyo, maana huwezi kujua unaongea na nani. Kumwekea namba ya simu ya mjane, na salamu juu yake, niliona ni wazimu. Mama Nsimire alikuwa ameshanitajia maneno anayoyataka, na Wasswa aliyasoma kwenye karatasi yangu, akayasoma tena. "Akello," aliniuliza kwa upole, "mwizi atafanya nini na sombe?" Tovuti ilikuwa yake, mteja alikuwa wake. Akayaweka. Ukurasa wa kukataliwa, badala ya ile sentensi kavu ya mfumo, ukawa unasema hivi: *Umekosea. Kama ni mwizi, rudi kwenu. Kama ni wewe, sombe yako niko naiweka pembeni, bila pilipili. Piga kwa Mama, niko Kampala.* Chini yake namba. Mimi kwa upande wangu nikaweka kizuizi kinachomfungia nje kwa muda anayekosea mara kadhaa na kuandika ametoka nchi gani, nikaweka nakala ya akiba inayojichukua yenyewe na kukaa mahali pengine, nikajiona nimeokoa kilichookoleka.

Tukaomba tovuti ikaguliwe upya ili wekundu uondolewe, tukangoja. Mama Nsimire alikuwepo asubuhi ulipoondoka. Wasswa aliifungua tovuti kwenye kompyuta, kisha kwenye simu yake, kisha kwenye yangu, na kila mara mama alisema, "Tena." Ilifunguka yote. Jina la Papa Justin lilikuwa juu ya tangazo lake, na la Nsimire ndani yake. Nilisikia mabega yangu yakishuka, na hapo tu ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeyabeba juu tangu siku ya kwanza. Mama alishuka ngazi akiimba taratibu, na kijana wa roleksi akatuuliza tumempa nini.

Wiki zilizofuata simu yake ililia sana, na kila ilipolia alipangusa mikono kwenye kitenge kabla ya kuipokea. Walikuwa Wasimamizi wa Heshima waliosahau maneno yao mapya ya siri. Waliandika vibaya, wakakataliwa, wakasoma ujumbe, wakaona namba, wakapiga. Papa Anselme alikuwa wa kwanza, na aliuliza pia kama sombe ipo. Nilimwambia Mama tuiondoe namba, inamsumbua bure. Alinijibu kwamba simu inayolia haimsumbui.

Ijumaa moja mchana tulikuwa wote watatu chumbani. Mama alikuwa ameshafungua vyombo, Wasswa ana kibakuli chake kisicho na pilipili mkononi na mdomo umejaa, na mimi nilikuwa nikipitia kumbukumbu za kizuizi changu kabla ya kula. Kwa kawaida zilikuwa zile zile: mashine za mbali zinazojaribu jina la "admin" usiku na mchana, bila akili, zikifungiwa na kuondoka. Siku hiyo kulikuwa na kitu kingine. Mtu fulani, dakika chache tu zilizopita, alikuwa amejaribu kuingia kama Papa Justin. Alijaribu, akakataliwa, akajaribu tena polepole, mpaka kizuizi kikamfungia. Alikuwa Zambia. Nilihisi furaha ya ushindi ikinipanda. Nikamwambia Wasswa wamerudi, na wanatumia jina lile lile, na safari hii nataka tuifungie nchi nzima, tuwafute moja kwa moja wasiweze hata kuuona ukurasa. Kufanya hivyo kulihitaji neno la siri la msimamizi mmoja aliyebaki, na msimamizi huyo alikuwa anatafuna. Wasswa aliinua kijiko kunisimamisha. "Kale, kale," alisema, ndiyo haya ya Kiganda. "Acha nikule kwanza."

Simu ya Mama Nsimire ikalia. Alipangusa mikono. Alisema halo, na nikadhani ni Msimamizi wa Heshima mwingine, nikaendelea kuitazama skrini yangu kwa uchungu. Kisha nikasikia kwamba hajibu. Nilipogeuka alikuwa amesimama wima kabisa, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Kutoka kwenye simu ilisikika sauti nyembamba ya mwanamke kijana, mbali, inauliza kitu na kukirudia. Mama aliibana simu sikioni.

"Bila pilipili," alisema. "Ndiyo, mama yangu. Bila pilipili."

Wasswa aliweka kijiko chini. Alikitazama kibakuli alichokuwa amekishika, chakula cha mtu ambacho alikuwa amekila kwa Ijumaa zote zile, akakirudisha mezani na kukifunika na mfuniko wake. Mimi nililia kabla ya wenye mtoto. Mashine chini zilikuwa zinachapa, mtu alikuwa anagombana na fundi kuhusu rangi ya jalada, na Mama Nsimire alikuwa ameketi sakafuni, simu kwenye sikio, akisema tu "Niko, niko, niko."

Nsimire alitusimulia mwenyewe baadaye, aliposhuka kwenye basi akiwa amevimba miguu, mwembamba, na nywele alizosuka vizuri sana, maana huko Lusaka alikuwa anafanya kazi saluni. Mtu wa kanisani kwake alimtajia tovuti. Mara ya kwanza alipoifungua alikuta nyekundu, akaogopa, akaiacha. Miezi ikapita, akajaribu tena, ikafunguka, akaona jina la baba yake, na akaogopa zaidi, kwa sababu alishasikia habari za watu wanaojifanya ndugu. Akawaza: kama ni yeye kweli, jina langu litafungua. Akaandika jina lake. Mlango ukakataa. Akaandika tena, polepole, akidhani kidole kimekosea, ukakataa, na alikuwa tayari ameshashusha simu akijiambia ni waongo, alipoyasoma maneno yaliyokuwa pale chini. Mwizi hawezi kujua kuhusu pilipili, alisema. Kuhusu pilipili alijua Mama tu.

Nimeifikiria habari hiyo mara nyingi, hasa ninapokuwa kwenye vyumba vya mikutano vyenye hewa baridi nikieleza vijana umuhimu wa kufunga. Tusingesafisha na kufunga, Nsimire angekuta nyekundu mara ya pili na asingerudi. Tungefunga kama nilivyotaka mimi, angefika mpaka kizingitini na kugeuka. Yote mawili yalihitajika, na mimi nilijua moja. Lile la pili lilitoka kwa mama aliyejua tu jinsi mtu anavyopaswa kukataliwa. Sijutii ubishi wangu, kwa sababu kazi niliyoifanya ilikuwa sahihi. Nafurahi tu, mpaka leo nafurahi kiasi cha kuhema, kwamba Wasswa alikuwa na njaa.

Basi Jumapili ile Bugolobi tulikula. Wasswa amezidi kunenepa na kipara kimemfika kisogoni, na Nsimire, bila kuulizwa, alimwekea kibakuli chake cha pembeni. Tuliongea juu ya mazishi, ya Papa Anselme aliyehutubia mpaka mchungaji akaketi, ya vitenge vya Mama ambavyo havijagawanywa. Tulipomaliza, Nsimire alinikumbusha swali lake. Siku hizi msimamizi ni yeye. Mfumo anausasisha kwa wakati, nakala za akiba anazo, na sina cha kumfundisha. Nikamwomba simu yake ya kazi, nikafungua ukurasa wa kuingilia, nikaandika papajustin, na chini yake nikaandika Nsimire. Mlango ukakataa. Maneno ya mama yake yakatokea, na namba chini yake. Nikaigusa ile namba. Kwenye kabati la vyombo, nyuma yetu, simu ndogo ya Mama Nsimire ikaanza kulia, imechomekwa kwenye chaji. Nsimire alikuwa ameiweka hai tangu msiba. Alisimama, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaipokea, na ikawa sisi wawili tunatazamana jikoni tukiwa na simu masikioni.

"Mlango uko sawa," nilimwambia. "Maneno yaache."